Ichague kwa Jumamosi, Ivishe kwa Jumatatu

Vidokezo kumi vya kununua saa moja ya mkono itakayokufaa ofisini na wikendi

Saa yangu ya kwanza ya heshima iliniaga kwenye ndoo ya maziwa. Nilikuwa nimeinunua nikiwa na ofisi tu akilini: nyembamba, rangi ya dhahabu, mkanda wa ngozi, uso mweupe kama kola ya padri. Jumatatu hadi Ijumaa ilipendeza kwelikweli. Jumamosi nikaenda nayo kwetu upande wa Othaya, ng'ombe akarusha teke, maziwa yakaniruka hadi kwenye kiwiko, nami wala sikuwaza: nikaisuuza saa chini ya mfereji. Kufikia Jumatatu kioo kilikuwa na ukungu kama Nyandarua mwezi wa Julai. Kila aliyeniuliza saa ngapi, nilimjibu kwa kuchungulia simu.

Kosa halikuwa la ng'ombe. Hapa Skuta, Nyeri, na katika miji yote inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Karatina hadi Nanyuki, wikendi si mapumziko. Mwalimu, nesi, karani wa kaunti, mhasibu wa sacco: Jumamosi ikifika wote ni wakulima. Ofisini saa hukutana na kalamu na kibodi. Wikendi hukutana na matope, mvua, dawa ya kupe na miiba ya ua wa kaiyaba. Kwa hiyo ushauri wangu wote unaingia kwenye sentensi moja: mwili wa saa uchague kwa ajili ya Jumamosi, kisha uuvishe mkanda wa Jumatatu. Yafuatayo ni maelezo tu.

1. Soma mgongo wa saa kabla ya kusoma bei

Igeuze. Nyuma, au chini kabisa ya uso, huwa pameandikwa ni mita ngapi za maji inaweza kustahimili. Namba hizo zimewaponza wengi. Mita 30 hazimaanishi kwamba unaweza kupiga mbizi mita 30. Ni kipimo cha shinikizo la maji yaliyotulia kwenye chumba cha majaribio, na maana yake ya kila siku ni kunawa mikono na kunyeshewa kidogo. Mita 50 zinafaa kwa kuosha vyombo na kuogelea kwa utaratibu. Mita 100 ndizo za mtu wa kwetu: kukama, kuosha gari, kuogelea, kunyeshewa kuanzia Machi hadi Mei bila hofu.

Lakini hata saa ya mita 100 usiingie nayo kwenye maji moto ya kuoga. Kinachozuia maji ni viringi vyembamba vya raba, na joto, mvuke na sabuni huvichosha. Na hakikisha kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia majira kimesukumwa hadi ndani. Kikiwa kimechomoza hata kidogo, umeacha mlango wazi.

2. Kagua pale mkanda unaposhikana na saa

Huu ndio ukaguzi ambao wanunuzi wengi huupuuza, nao ndio unaoamua kama saa moja inaweza kuwa mbili. Tazama zile pembe mbili zinazoushika mkanda. Kama katikati kuna pini ya kawaida, yenye springi, na nafasi ni milimita 18, 20 au 22, umeokota: mikanda ya vipimo hivyo ipo kila mahali. Kama mkanda umechongwa kwa umbo lake wenyewe, ukaungana na saa kama mkono na bega, fikiri tena. Siku utakapokatika, utatafuta mwingine hadi uchoke, na hutaweza kuibadilisha saa sura hata ukitaka.

Beba rula ndogo. Muuzaji atakucheka, lakini ni heri akucheke yeye leo kuliko kujicheka mwenyewe kesho.

3. Nunua mikanda miwili, si saa mbili

Mkanda wa ngozi, wa kahawia au mweusi kulingana na viatu na mshipi wako, ndio suti ya saa. Ivishe Jumapili usiku, ivue Ijumaa jioni. Ngozi haipendi maji, jasho wala maziwa: hunuka, hukakamaa, na ikikaa na unyevu huota ukungu.

Kwa shamba na safari, nunua mkanda wa nailoni au wa raba. Ule wa nailoni wa kipande kimoja, unaopita chini ya saa na kushikwa na pini zote mbili, umetokana na mkanda wa jeshi la Uingereza uliowekewa viwango rasmi mwaka 1973. Uzuri wake ni kwamba pini moja ikivunjika, saa bado inaning'inia kwenye mkono. Anayeenda nyumbani kwa boda boda kwenye barabara ya mawe ataelewa faida yake mara moja. Rangi? Kijani kibichi, kijivu au nyeusi. Nyeupe usithubutu. Udongo wetu mwekundu haufuliki.

Mkanda wa chuma nao unaweza kukaa wiki nzima, ofisini na nje, ila unataka kupunguzwa pingili ukutoshe. Ukizunguka kifundoni kama bangili, utang'oa malaika ya mkono moja baada ya nyingine.

4. Chagua uso unaoweza kusomwa kwa lugha zako zote

Barua ya kaunti inasema mkutano ni 9.00. Mama anasema saa tatu. Cucu, nyanya yangu, anasema thaa ithatũ. Wote wanasema jambo moja. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, na kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, hapa Nyeri jua huchomoza karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, likiwahi au kuchelewa kidogo tu. Hesabu yetu ina mantiki. Ila watengenezaji wa saa hawakutuuliza.

Ndiyo maana akrabu fupi inapoelekea 9, sisi tunasoma namba iliyo mkabala nayo, 3. Mtoto wa darasa la tatu hulijua hilo, lakini jicho lililochoka hujikwaa. Dawa yake ni uso usio na namba, wenye vijistari kumi na viwili tu. Hakuna tarakimu ya kukubishia. Unasoma saa tatu au 9.00 kwa mtazamo mmoja. Saa ya dijitali, kwa upande mwingine, hukudai hesabu ya sita kila unapoitazama.

Urahisi huo huo ndio heshima ya saa. Mjini Nyeri kuna kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 1941. Kwenye jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati, alama ya maskauti ya kusema mtu amerudi nyumbani. Duara na nukta, na ujumbe umefika. Uso wa saa uliojaa visaa vidogo, mishale ya rangi na maandishi ya rubani wa ndege hautakuambia saa haraka zaidi.

5. Hakikisha inapita chini ya sweta

Anayenunua saa Mombasa hana shida hii. Sisi tunayo, hasa Juni na Julai, wakati mtu anavaa shati, sweta na koti juu yake. Saa nene hunasa nyuzi, huinua mkono wa shati kama mlima, na kila ukitaka kujua saa inabidi uvue nusu ya nguo. Unene wa milimita 11 au pungufu hupita vizuri. Nenda dukani ukiwa umevaa nguo zako za kawaida za baridi, ujaribu papo hapo.

Kuhusu upana, kipimo si mitindo, ni kifundo chako. Ivae, kisha itazame kutoka juu: pembe za saa zisivuke kingo za mkono. Kwa wengi, milimita 36 hadi 40 zinatosha. Saa ya milimita 46 kwenye mkono mwembamba hufanana na sufuria iliyotundikwa kwenye mti wa mpapai.

6. Fahamu moyo unaopiga ndani

Ya betri ndiyo rahisi kuishi nayo. Ndani mna kipande cha kwatsi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na kwa sababu hiyo inapotea kwa sekunde chache tu kwa mwezi. Seiko ndiyo iliyouza saa ya kwanza ya mkono ya aina hii, Desemba 1969. Leo ni teknolojia ya bei nafuu kuliko zote, na haina aibu.

Inayojijaza yenyewe haina betri. Ndani mna uzani unaozunguka kila ukipunga mkono na kukaza springi. Wazee wengi wa kwetu wanaijua kupitia Seiko 5, iliyoanza mwaka 1963, yenye siku na tarehe kwenye dirisha moja. Ukiivua, hukaa takriban saa 40 kisha inasimama. Mwenye saa tano za kubadilishana huikuta imekufa kila Jumatatu. Mwenye saa moja ya wiki nzima haimsumbui kabisa, maana mkono unaochimba viazi Jumamosi unaijaza vizuri kuliko ule unaobofya kipanya. Angalizo moja tu: usibadilishe tarehe kwa kitufe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Wakati huo meno ya tarehe yameshaanza kushikana, na ukilazimisha unaweza kuyavunja.

Ya mwanga, kama zile za Citizen, hujichaji kwa jua au taa. Usidhani mawingu ya Nyeri yataiua: mwanga wa dirishani unatosha. Kinachoiua ni mkono wa sweta kuifunika kwa muda mrefu mfululizo. Ilaze dirishani unapofanya kazi mezani.

Saa janja inahesabu hatua, inatetema simu ikiita, na inakuonyesha njia ukiwa msituni. Lakini inataka chaja. Kama kwenu stima hupotea kila mvua ikinyesha, Jumapili asubuhi utaenda kanisani na kioo cheusi mkononi.

7. Uliza kuhusu kioo, kisha zima taa

Vumbi la barabara lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko kioo cha kawaida cha saa. Ndiyo maana saa inayofutwa kwa mkono wa shati lenye vumbi hukwaruzika polepole, hata kama haijawahi kuanguka. Yakuti ya kutengenezwa ndiyo inayoshinda mchanga, ila bei yake iko juu, na ikigongwa vibaya hupasuka. Kioo cha kawaida kinatosha wengi. Cha plastiki huchubuka upesi, lakini kinasamehe: dawa ya meno na kitambaa laini huondoa mikwaruzo midogo. Mwili wa chuma uliopigwa msasa, usiong'aa kama kijiko kipya, huficha makovu ya shambani, na ofisini unaonekana nadhifu tu.

Kisha mwombe muuzaji ruhusa ufunike saa kwa viganja na uchungulie ndani. Akrabu ziking'aa, zina rangi inayohifadhi mwanga. Hili si pambo. Kukama ni saa kumi na moja alfajiri. Na anayepanda Mlima Kenya hadi Lenana, mita 4,985, huamshwa saa nane au saa tisa usiku ili akute jua likichomoza kileleni. Saa hizo hutaki kuvua glavu ili kutafuta simu.

8. Jihadhari na saa iliyochorwa

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na saa mbaya hujitembeza hadi kwenye dirisha la matatu. "Bosi, hii ni orijino, nakuuzia tu kwa sababu ni wewe." Kabla hujashawishika, fanya haya:

- Bonyeza vitufe vyote. Saa nyingi za bandia zina visaa vitatu vidogo usoni, na vyote vimechorwa. Vishale vyake havijawahi kusonga wala havitasonga.
- Isogeze sikioni na uitikise polepole. Ya betri ikitoa mlio wa kitu kilicholegea ndani, irudishe.
- Kama ni Casio F-91W, ile ndogo nyeusi iliyotoka mwaka 1989 na bado iko kwenye mikono ya wanafunzi na mabawabu, bonyeza kitufe cha kulia kwa sekunde tatu. Halisi huandika jina la Casio kwenye kioo. Bandia nyingi hushindwa, ingawa siku hizi wajanja wameanza kuiga hata hilo, kwa hiyo lisiwe jaribio lako la pekee.
- Soma herufi za chapa moja moja. Herufi moja ya ziada ni ungamo.

Na lipa kwa M-Pesa kwenye namba ya till ya duka. Ule ujumbe una tarehe, jina la biashara na kiasi. Siku saa itakapogoma ukiwa bado ndani ya garanti, ndio utakaokutetea.

9. Mtembelee fundi kabla ya kununua, si baada ya kuharibika

Kila mji wetu una fundi wa saa kwenye varanda ya duka la mtu mwingine, ndani ya kibanda cha kioo kisichozidi ukubwa wa kabati, lenzi ikiwa jichoni. Wangu yuko chini ya mita tatu kutoka kwa mama wa ndizi. Siku niliyompelekea ile saa ya maziwa, aliingiza ubapa wa kisu ukingoni mwa mfuniko, ukaruka kwa mlio mdogo. Tone la maji likamdondokea kidoleni. Akainua betri kwa kibanio cha plastiki, akapuliza kwa kipira chekundu, akanionyesha raba ya mfuniko: ilikuwa imekatika, nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo. "Mwalimu," akasema, ingawa mimi si mwalimu, "saa yako ilikuwa ya kuangaliwa, si ya kufanya kazi."

Muulize mtu kama huyo mambo matatu. Saa ninayoitaka ina spea? Betri yake ni ipi? Nyingi za akrabu huchukua 377, ambayo pia huitwa SR626, na ni vyema kudai ile ya oksidi ya fedha. Za bei ya kutupa zinazoingia pale pale huisha haraka na zikisahaulika ndani huvuja na kula mashine. La tatu: akibadilisha betri, atakagua raba na kuipaka grisi? Fundi anayejibu la tatu bila kukasirika, mweke karibu.

Ukinunua ya mtumba, mwombe huyo huyo afungue mfuniko kabla pesa hazijabadilisha mikono. Kutu ya kijani ndani ni sababu tosha ya kuondoka.

10. Kumbuka kwamba saa huongea kabla yako

Ofisini, saa nadhifu ya wastani inasema mtu huyu hufika kwa wakati. Kwenye hafla za nyumbani lugha ni nyingine. Kijana anayepeleka ruracio, yaani mahari, akiwa na dude la dhahabu linalomulika hema zima ametangaza mwenyewe kwamba mbuzi wapo. Wazee wa upande ule hawatasema neno. Wataongeza tu hesabu. Kwenye harambee vivyo hivyo: bahasha yako itapimwa kwa saa yako, na mojawapo itaaibika.

Basi chuma cha kawaida, uso mweusi, wa samawati au mweupe, mkanda safi. Inakaa vizuri na suti kanisani, na jaketi kwenye nyama choma, na aproni jikoni. Ukishuka Nairobi, mkono wenye saa usiuning'inize dirishani matatu inapokwama kwenye foleni, hata kama saa yenyewe ni ya bei nafuu. Mnyang'anyi haombi risiti.

Sasa, kama una muda mfupi

Kumbuka mambo matano tu dukani: mita 100, mkanda wa milimita 20 wenye pini ya kawaida, unene usiozidi milimita 11, vijistari badala ya namba, akrabu zinazong'aa gizani. Kinachobaki mfukoni nunulia mkanda wa pili. Na ukienda kunyunyizia nyanya au kuogesha ng'ombe dawa ya kupe, hata saa ngumu ivue uiweke mfukoni, kwa sababu kemikali zile hazibagui raba na ngozi.

Mimi siku hizi nina saa moja. Jumapili jioni, chai ikiwa jikoni, huchukua mswaki wa zamani na maji kidogo, nikatoa udongo mwekundu kwenye pembe za saa. Nachomoa mkanda wa nailoni, nautundika msumarini karibu na gambuti. Naingiza wa ngozi, pini ya kwanza, pini ya pili, tik. Haichukui dakika tatu. Nikiitazama mezani, saa ile ile iliyoshinda kwenye viazi, naona Jumatatu imeshavaa, inaningoja mimi.